Kilti ya Kiskoti: Kuichagua, Kuipima na Kuivaa (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Maswali yaliyo hapa huulizwa zaidi na Waswahili wanaoishi Uskoti, au wanaoalikwa huko kwenye harusi, mahafali na karamu, ambao wangependa kuvaa kilti bila kujiaibisha. Nimeyajibu kwa jicho la fundi, kwa sababu kilti ni kazi ya fundi kabla haijawa alama ya ukoo: ikikaa vidole vitatu chini ya mahali pake, hakuna rangi wala fedha itakayoiokoa.

Kilti ni nini hasa, na inatofautianaje na sketi?

Kilti ni kitambaa kirefu cha sufu, ambacho kwa kilti kamili ya mwanamume huchukua yadi 8 hivi, yaani mita 7 na ushei, kikiwa kimeshonwa marinda mengi upande wa nyuma na kuachwa bapa upande wa mbele. Sehemu bapa ziko mbili, nazo huitwa aproni: ya chini hutangulia kuzungushwa tumboni, na ya juu hulala juu yake. Haina zipu wala mshono wa ubavuni, na hufungwa kwa kanda za ngozi na mabizimu.

Mtu wa pwani aliyezoea kufunga kikoi au msuli huielewa kilti upesi kuliko mtu aliyekulia katika suruali peke yake, kwa maana nguo ya kuzungusha kiunoni si ngeni kwake. Tofauti ni kwamba kikoi kimoja humfaa baba na mwanawe, ilhali kilti imekatwa na kushonwa kwa kufuata kiuno, nyonga na urefu wa mtu mmoja.

Ni vazi la kale kiasi gani?

Ni la kale, ingawa si kwa umbo tunaloliona leo. Katika karne ya 16 watu wa Nyanda za Juu za Uskoti walivaa kilti kubwa, nguo pana ambayo nusu yake ilifungwa kwa mshipi kiunoni na nusu nyingine ikatupwa begani, na usiku ikawa ndilo blanketi. Kilti ndogo, yaani nusu ya chini pekee, ilienea katika karne ya 18. Kuna simulizi mashuhuri inayompa sifa ya kuibuni Mwingereza Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la kuyeyushia chuma, na wapo Waskoti ambao hawataki kabisa kuisikia.

Baada ya waasi wa Nyanda za Juu kushindwa vitani Culloden tarehe 16 Aprili 1746, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku vazi hilo kwa wanaume na wavulana, wanajeshi wakiachwa nje ya katazo. Kosa la kwanza lilikuwa na kifungo cha miezi 6, na la pili lilimpeleka mtu uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott aliipanga ziara hiyo ikawa maonyesho makubwa ya tartani, yaani kitambaa cha mirabaraba, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Kuanzia hapo vazi lililokuwa la watu wa milimani likageuka vazi la taifa zima, na wafumaji, hasa kampuni ya Wilsons ya Bannockburn, wakawa na kazi ya kutosha ya kutengeneza tartani za kila ukoo.

Je, mtu asiye Mskoti anaruhusiwa kuivaa?

Ndiyo. Hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kuvaa kilti, na Waskoti wengi hufurahi wanapomwona mgeni ameivaa kwa heshima. Kinachowaudhi ni kilti ya mzaha, ile ya plastiki inayouzwa na wigi jekundu kwa walevi wa mpirani. Ukialikwa kwenye harusi ambayo kadi yake inataja vazi la Nyanda za Juu, kuvaa kilti ni adabu njema, na kuvaa suti vilevile si kosa.

Nichague tartani ipi?

Tartani ni ule mchoro wa mirabaraba unaotokana na nyuzi za rangi zilizopangwa kwa hesabu maalumu, ambapo mpangilio wa nyuzi za mtande hurudiwa uleule katika nyuzi za mshindio. Hesabu hiyo ndiyo inayoitambulisha tartani: ukibadilisha idadi ya nyuzi umetengeneza tartani nyingine. Tangu mwaka 2009 iko Rejesta ya Tartani ya Uskoti, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kutunzwa na taasisi ya taifa ya kumbukumbu mjini Edinburgh, na mtu yeyote anaweza kuipekua mtandaoni.

Desturi ni kwamba mwenye jina la ukoo wa Kiskoti, mathalani Campbell au MacLeod, huvaa tartani ya ukoo huo, au ya ukoo wa mama yake. Aliyeoa au kuolewa katika ukoo hualikwa mara nyingi kuvaa tartani ya wakwe, na katika harusi ni jambo la kupendeza sana, ila ni vyema kuuliza kwanza, kwa kuwa mzee wa ukoo hufurahi kuombwa.

Asiye na uhusiano wowote asihangaike. Zipo tartani za wilaya na miji, kwa hiyo aliyesoma au kufanya kazi Edinburgh anaweza kuvaa ya Edinburgh. Zipo pia za wote. Ile ya kijani na buluu nzito ya kikosi cha Black Watch ndiyo ninayomshauri mtu asiyejua pa kuanzia, kwa sababu inakubaliana na koti lolote na haipigi kelele. Royal Stewart, nyekundu inayojulikana dunia nzima, ni tartani ya familia ya kifalme kwa asili, lakini leo huvaliwa na yeyote, hata kwenye makopo ya biskuti utaikuta. Ya kuepukwa ni tartani ya Balmoral, ambayo imehifadhiwa kwa ajili ya familia ya kifalme.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama shuka la Kimaasai lenye mirabaraba ni tartani. Kwa macho zinafanana, lakini shuka halifuati hesabu ya ukoo wala halikusajiliwa kwa jina la mtu, nalo lina heshima yake lenyewe bila kuazima ya Waskoti.

Kwa nini tartani moja inauzwa kwa rangi tatu tofauti?

Muuzaji akisema "ya kisasa" anamaanisha rangi nzito zilizokuja na dawa za viwandani. Akisema "ya kale" anamaanisha mchoro uleule kwa rangi nyepesi zinazoiga dawa za mimea, na "iliyopigwa na hali ya hewa" ni ya kahawia na kijivu, kana kwamba kitambaa kilizikwa udongoni. Kwa hiyo "ya kale" hapa haielezi umri wa mchoro, jambo ambalo huwapotosha wengi. Tartani "ya kuwindia" na "ya sherehe" ni habari nyingine: hizo ni michoro tofauti ya ukoo mmoja, ya kwanza ikiwa na kijani au kahawia zaidi, na ya pili ikiwa na nyeupe nyingi.

Kitambaa kiwe cha aina gani na uzito gani?

Kilti nzuri ni ya sufu laini iliyosokotwa imara. Uzito hutajwa kwa aunsi: aunsi 16 ni nzito, aunsi 13 ni ya wastani, na aunsi 10 au 11 ni nyepesi. Watu waliotoka nchi za joto hukimbilia nyepesi, nami huwazuia. Sufu nzito huning'inia vizuri, marinda yake hurudi mahali pake yenyewe, na upepo wa Uskoti, ambao si wa mchezo, hauipandishi ovyo. Ya aunsi 13 ndiyo ya kati na kati kwa mtu atakayeivaa ukumbini na nje.

Zipo kilti za akriliki na za mchanganyiko wa poliesta na viskosi, ambazo ni nafuu sana. Nyingi hushonwa Sialkot, Pakistani. Ile ya viskosi si mbaya kwa mwanafunzi au kwa anayeishi Muscat au Mombasa. Ya akriliki hutoa vinyweleo baada ya misimu miwili na hung'aa makalioni.

Kilti hupimwaje?

Hapa ndipo kilti nyingi zinapoharibikia. Mteja hutuma kipimo cha suruali yake, mathalani inchi 34, na kilti ikifika haifungi. Suruali za siku hizi huvaliwa kwenye nyonga, chini ya tumbo. Kilti huvaliwa kwenye kiuno chenyewe, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na kwa wanaume wengi mahali hapo ni pana kuliko namba iliyoandikwa kwenye suruali.

Usijipime mwenyewe, maana ukiinama kutazama futi, vipimo vyote vinabadilika. Msimamishe mtu akupime ukiwa na shati jepesi, umesimama wima, pumzi ukiitoa kama kawaida. Azungushe futi kiunoni usawa wa kitovu, na kisha sehemu pana kabisa ya makalio. Urefu hupimwa kutoka pale kiunoni hadi katikati ya pia ya goti. Kilti isivuke hapo kwenda chini. Ikianza kufunika goti lote inageuka sketi, na ikipanda juu ya goti inageuka vazi la mtoto wa shule.

Kuna jaribio la kale la kambini ambalo bado nalitumia: mwambie aliyeivaa apige magoti sakafuni mgongo ukiwa umenyooka. Pindo likiwa juu ya sakafu kwa inchi moja hivi, urefu ni sahihi; likiigusa, kilti ni ndefu, au, mara nyingi zaidi, imevaliwa chini mno. Nilipata kumpokea bwana harusi aliyetaka kilti yake ikatwe inchi tatu siku mbili kabla ya harusi. Nilimwomba kwanza alegeze mabizimu, aipandishe hadi kitovuni na kukaza tena. Pindo likapanda hadi katikati ya goti, na mkasi haukuguswa.

Marinda hupangwaje, na kwa nini bei ni kubwa?

Kuna njia mbili kuu. Katika ya kwanza, kila rinda hukunjwa kiasi kwamba mchoro wa tartani unaendelea nyuma kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Katika ya pili, ambayo ni desturi ya wanajeshi, mstari mmoja uleule hujitokeza katikati ya kila rinda, hivyo mtu anapotembea huonekana rangi ya pili ikifunguka na kufumba. Ya kwanza ni ya kiraia na ndiyo ya kawaida.

Marinda huwa kati ya 20 na 30 na zaidi, yote yakielekea upande mmoja, na kila moja hupunguzwa upana kidogo kidogo kutoka nyonga hadi kiunoni ili likubali umbo la mtu. Kazi hiyo kwa mkono huchukua siku kadhaa, na ndani huwekwa kitambaa kigumu cha kuimarisha pamoja na bitana. Ndiyo maana kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono huuzwa kwa pauni mia kadhaa na huagizwa wiki nyingi mapema. Ikitunzwa, itadumu maisha ya mtu, kwani pindo la kitambaa cha ndani na mabizimu huweza kusogezwa mwili ukiongezeka.

Inavaliwaje?

Anza na shati na soksi na viatu. Usianze na kilti, kwa sababu kuinama kufunga kamba za viatu ukiwa umeshakaza mabizimu ni mateso. Shika kilti nyuma yako, marinda yakiwa mgongoni. Lete aproni iliyo mkono wako wa kulia, ivuke tumbo kwenda kushoto, pitisha ukanda wake kwenye tundu lililo ubavu wa kushoto na uufunge kwenye bizimu lake. Kisha lete aproni ya kushoto juu yake kwenda kulia, na ufunge mabizimu ya kulia. Ukingo wenye matamvua uwe kulia kwako, ukishuka wima.

Sasa simama mbele ya kioo uhakikishe kwamba mstari wa katikati wa aproni umeelekea kitovu, na nyuma marinda yameshuka wima. Pini ya kilti huchomekwa pembe ya chini ya kulia, juu kidogo ya pindo, kwenye aproni ya juu peke yake. Ukiipitisha kwenye aproni zote mbili, utachana kitambaa mara ya kwanza utakapoketi. Kosa hili huonekana katika kila harusi, na chozi la fundi hudondoka kila mara.

Sporani ni ya nini, na ikae wapi?

Kilti haina mifuko, na sporani ndiyo mfuko wake: simu, funguo na pochi hukaa humo. Ya mchana ni ya ngozi tupu. Ya sherehe huwa na manyoya na kichwa cha chuma kinachong'aa, na ile ya nywele ndefu za farasi waachie wapiga zumari. Ining'inie katikati, upana wa kiganja kimoja hivi chini ya mshipi. Ikishuka zaidi hugonga mapaja unapotembea, na kwenye dansi huwa adhabu. Wachezaji wengi huizungusha ubavuni.

Angalizo moja: sporani za ngozi ya sili hazipiti forodha za Umoja wa Ulaya wala za Marekani kwa urahisi. Ukitarajia kusafiri, chagua ya ngozi ya ng'ombe au ya sungura.

Soksi, viatu na kile kisu?

Soksi ni za sufu, nene, zinazokunjwa juu na kuishia vidole vitatu chini ya goti. Ndani ya mkunjo hufungwa ukanda wa kushikilia soksi wenye vitambaa viwili vya rangi, ambavyo ncha zake tu ndizo zinazochungulia, upande wa nje wa mguu. Viatu vya desturi havina ulimi, na kamba zake ndefu husokotwa na kuzungushwa juu ya kifundo. Usizifunge hadi kwenye shavu la mguu kama askari wa Kirumi.

Kisu kidogo kinachokaa ndani ya soksi huitwa sgian dubh kwa Kigaeli, hutamkwa "skian du", na hutafsirika kama kisu cheusi. Atumiaye mkono wa kulia hukiweka soksi ya kulia, mpini pekee ukionekana. Sheria za Uingereza dhidi ya kubeba visu hadharani huachilia kisu kilicho sehemu ya vazi la taifa, lakini mwenye ukumbi anaweza kukikataa, na nje ya Uingereza huenda msamaha huo usiwepo. Kwa mgeni naona ni salama kununua cha bandia, mpini bila ubapa wa chuma, ambacho hakuna atakayekitambua.

Juu nivae nini?

Kwa mchana koti la sufu nene lililokatwa fupi, shati na tai ya kawaida. Kwa usiku koti jeusi fupi lenye vifungo vya fedha, liitwalo Prince Charlie, pamoja na kizibao na tai ya kipepeo. Koti liitwalo Argyll hufaa mchana na usiku, hivyo anayenunua moja tu anunue hilo. Ukivaa kizibao, usivae mshipi mpana. Koti la suti ya kawaida ni refu mno kwa kilti, nalo hufunika sporani nusu.

Chini ya kilti huvaliwa nini? Je, inasitiri?

Mzaha kwamba Mskoti halisi havai chochote ndani ni wa zamani na hauna wajibu. Maduka ya kukodisha huomba wazi wateja wavae nguo ya ndani, kwa sababu za usafi zisizohitaji maelezo. Vaa bukta nyeusi iliyokaza, na kwenye dansi utajishukuru.

Kwa Waislamu wa pwani, wengi wao wakiwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, swali lina uzito zaidi, kwani panapopasa kusitiriwa kwa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kilti iliyokaa mahali pake huanzia kitovuni, ila pindo huishia katikati ya goti, na mtu akirukuu au akiketi hupanda. Ndugu mmoja ninayemfahamu hubeba kikoi kwenye begi lake, na wakati wa sala hujifunga juu ya kilti. Sijaona suluhisho bora kuliko hilo.

Nikae vipi?

Kabla ya kuketi, pitisha mkono nyuma kutoka makalioni kwenda chini, ulaze marinda, kisha uketi juu yake yakiwa yamenyooka. Usijitupe kitini. Acha sporani na aproni zishuke kati ya mapaja, na usisahau kwamba wapo walioketi mbele yako. Ukialikwa nje wakati wa kiangazi upande wa magharibi, paka magoti dawa ya wadudu, kwa sababu visubi wa huko hawajali sherehe.

Je, wanawake huvaa?

Wasichana wa ngoma za Nyanda za Juu na wanawake wa bendi za zumari huvaa kilti kamili. Katika sherehe wengi huchagua sketi ndefu ya tartani, au mtandio wa tartani begani juu ya gauni la rangi moja, na kwa mgeni wa harusi mtandio ndio unaopendeza zaidi.

Nikodi au ninunue?

Kwa siku moja, kodi. Fika dukani ukapimwe, usitume namba kwa simu, na uijaribu siku ya kuichukua, si asubuhi ya harusi. Ukijua utaivaa mara tatu au nne kwa mwaka, nunua ya sufu, na vifaa vingine ununue polepole.

Itunzwe vipi, na nisafiri nayo vipi?

Kilti haifuliwi kila mara ivaliwapo. Itundike usiku kucha mahali penye hewa, futa doa kwa kitambaa chenye unyevu, na uipeleke kwa dobi wa dawa kavu mara chache tu. Kabla ya kupigwa pasi, marinda hushikizwa kwa bandi kubwa za uzi mweupe hadi kwenye pindo, kisha hupigwa pasi juu ya kitambaa chenye maji. Adui yake mkubwa ni nondo, kwa hiyo ihifadhi safi pamoja na kafuri, kwani nondo hupenda sufu yenye jasho.

Kwa safari, laza kilti kitandani, panga marinda, ikunje kwa kuiviringisha kwa marefu kama mkeka, kisha uitie ndani ya mguu mmoja wa soksi ndefu ya kike iliyokatwa ncha. Itafika bila mkunjo. Kisu cha soksi kiingie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Mteja wangu mmoja alitoka harusini moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, kilti mwilini, akakikumbuka alipokuwa tayari amesimama kwenye mashine ya ukaguzi. Kilikuwa cha babu wa mkewe, na hakurudishiwa.